Rota ya Fundi Nampoto

Haya yalimkuta rafiki yangu Nampoto, fundi wa magari wa Rahaleo, Mtwara, mwaka 1971. Landrova kuukuu ya zahanati aliyokuwa akiiendesha ilizimika karibu na kijiji cha mpakani cha Mahurunga, palepale ilipozimika mara mbili kabla, ingawa gerejini haikuwahi kumsumbua. Nyuma alilala Ermelinda, siku ya pili ya uchungu.

Magharibi ilishaingia na mikorosho imemeza mwanga wote. Nampoto akatia ufunguo mfukoni, akafungua boneti kwa kishindo.

"Koili mpya! Platini mpya! Unataka nini tena, mwanaharamu we?"

"Fundi gani wewe?" Jasinto, mume wa Ermelinda, akafoka. "Juzi ulisema zima!"

"Lilikuwa zima! Kaa na mkeo, bwana, uniache!"

Akachomoa rota, kile kidude cheusi kinachogawa moto kwenye plagi. Madereva wa mpakani hulala nacho mfukoni, maana bila hicho gari haliwaki, wala mwizi haendi nalo popote. Akakipangusa kwa shati huku akitukana. Vyura wa bondeni wakanyamaza wote kwa pamoja.

Injini ikawaka.

"Ahsante, kaka!" Jasinto akapaza sauti. "Twende!"

Nampoto akaitazama rota mkononi. Ermelinda akapiga ukelele. Basi akafunga boneti, akaitia rota mfuko wa shati, akaendesha hadi hospitali ya Mtwara bila tusi hata moja. Njia nzima rota ilitetema kifuani mwake, kwa mpigo uleule wa injini.