Sponji Mgongoni mwa Shangazi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Shangazi alikuwa akivaa koti lake refu, glavu na buti za mpira, anajifunga kitambaa puani, kisha ananiita nimsaidie kujitwisha bomba la dawa. Lilikuwa bomba la mgongoni la lita ishirini. Mimi nililishikilia juu ya ukuta mfupi wa uani, yeye akageuka na kuingiza mikono kwenye mikanda. Likishakaa vizuri, nilifukuzwa.

"Haya, Injinia, potea! Dawa ya wadudu haichagui mdudu na mtoto."

Aliniita Injinia kwa sababu niliwahi kuifungua redio yake nikashindwa kuifunga. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Tulikuwa na bustani ya nyanya na kabichi nyuma ya nyumba, na majirani walimwita awapulizie za kwao pia. Shangazi alikuwa mtu wa mizaha, lakini alipolitua lile bomba mchana, mizaha yote ilikuwa imemwisha. Mikanda yake miembamba ilimchora mistari miwili myekundu mabegani. Kuinua mikono ilikuwa taabu, hivyo jioni ni mimi niliyemchana nywele.

Basi mwalimu wetu wa sayansi alipotuambia kila mmoja achague chombo cha nyumbani kwao akifanye chepesi kwa mtumiaji, sikufikiri mara mbili. Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Fundi.

Kibanda cha Fundi kilikuwa kwenye kona ya barabara yetu. Alitengeneza baiskeli, majiko na mabomba ya dawa, na wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuwa amebadilisha mpira wa mfuniko wa bomba letu. Nilipomweleza ninachotaka, alicheka kwa furaha, akachakura kwenye boksi lake na kutoa mkanda mpana wa begi kuukuu wenye kifungo cha plastiki.

"Chukua. Ukiufunga kiunoni, uzito utatoka mabegani ushukie nyonga. Lakini nisikilize vizuri, mwanangu. Usitoboe kitu. Uzungushe mkanda kwenye bomba, uukaze. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Fundi."

Niliitikia hivyo huku akili yangu ikiwa imeshafika nyumbani.

Shangazi alikuwa na desturi ya kuliosha bomba kwa sabuni mara tatu kabla ya kulihifadhi, kwa hiyo nilililaza uani likiwa safi kabisa. Kwanza nilikata vipande vya sponji kutoka kwenye godoro kuukuu. Viwili nikavifunga kwenye mikanda ya mabegani, na kimoja kikubwa nikakifunga upande unaolalia mgongo. Kazi ikapendeza. Kisha nikajaribu kuuzungusha ule mkanda wa kiunoni kama nilivyoelekezwa. Ukateleza. Nikaukaza tena, ukateleza tena. Nikaudhika. Nikaona Fundi ananipotezea muda, nikauchoma msumari kwenye moto na kutoboa kitako cha bomba, ule ukingo wa chini ya tangi, matundu mawili ya skrubu za kuushika mkanda.

Tundu la kwanza lilikwenda sawa. La pili lilipanda juu mno, msumari ukazama hadi ndani ya tangi. Nilitia maji nikaona tone moja likijitokeza, likavimba, likadondoka.

Nilijua nimeharibu. Siwezi kusema sikujua. Nilichukua gundi ya kuzibia matairi ya baiskeli, nikabandika kiraka cha mpira, nikasubiri kikauke, kisha nikatoboa upya chini zaidi na kuufunga mkanda kwa skrubu. Nikalijaza bomba maji, nikaliacha tangu asubuhi hadi mchana. Halikutoka hata tone. Nikakishusha kile kipande kikubwa cha sponji kikafunika kiraka, na mambo yakaishia hapo. Ndivyo nilivyojidanganya.

Darasani nilipigiwa makofi. Mwalimu alilivaa bomba likiwa na maji, akatembea nalo huku na huku akitingisha kichwa kwa kuridhika. "Hili litakwenda kwenye maonyesho ya shule," alisema. Kichwa kilinivimba mpaka nikawasahau hata rafiki zangu.

Shangazi naye alifurahi kuliko wote. Jumamosi ya kwanza alirudi mchana bado anatania. "Watu watasema nimebeba mto wa kulalia! Injinia, redio yangu nimekusamehe." Nilimchana nywele, naye akaniimbia wimbo wa utani kuhusu kichwa changu kikubwa.

Jumamosi ya pili alilalamika kwamba amelowa mgongo. "Jasho tu," alisema, akaenda kuoga.

Jumatatu hakuweza kulala chali. Mgongo wake, chini karibu na kiuno, ulikuwa mwekundu na una malengelenge. Tulikwenda zahanati, mimi nimebeba mkoba wake, na muuguzi akamtazama kwa uso mzito.

"Hii ni dawa ya wadudu, mama. Tena imekaa kwenye ngozi kwa saa nyingi. Ulivaa nguo iliyolowa?"

"Nilidhani jasho," alisema Shangazi.

"Jasho haliunguzi hivi. Chombo chako kinavuja. Ukiunguzwa tena hapohapo kabla hapajapona, utakuja hapa umebebwa."

Mara moja nilielewa ilikotoka ile dawa. Kiraka kilikuwa kimebanduka, na sponji yangu, ile iliyosifiwa na shule nzima, ilikuwa ikinyonya dawa tone kwa tone na kuishikilia kwenye mgongo wa mtu aliyenilea. Bila sponji angeona dawa ikichuruzika miguuni na angelitua bomba palepale. Nilifungua mdomo niseme. Nikaufunga.

Shangazi hakuwa na shaka juu ya mkosaji. Tukitoka zahanati tulipitia kwa Fundi, na palikuwa na wateja watatu wanasubiri.

"Fundi, ule mpira ulioweka kwenye mfuniko ni mpira gani? Umeniunguza! Nitazame ninavyotembea!"

Fundi alisimama na bisibisi mkononi. "Pole sana, dada. Niliupima mwenyewe ule mpira..."

"Ulipima nini? Kazi ya ovyo!"

Mteja mmoja alichukua bomba lake kimyakimya akaondoka. Fundi alitupa mpira mpya bure, akaja mwenyewe kuufunga nyumbani mchana ule, na nikamsikia akisema chini chini, "Labda macho yangu sasa yamechoka." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mita mbili tu kutoka kwake. Alinitazama, akatabasamu, akauliza mkanda wake unafanyaje kazi.

Nilijibu, "Vizuri."

Wiki ile roho ilinisuta hadi chakula kikanishinda. Kila nilipompaka Shangazi dawa ya mgongo aliyopewa zahanati, aliniambia, "Asante, mwanangu, una mkono mwepesi," nami nilitamani anipige kibao badala ya kunishukuru. Usiku nilipanga maneno ya kumwambia, asubuhi yakayeyuka. Nilijiambia maonyesho yakipita nitasema. Nilijiambia pia kwamba mpira mpya labda utasaidia, ingawa nilijua tundu haliko juu, liko chini.

Ijumaa baada ya masomo nilijikaza nikaenda kwa Fundi. Kibanda kilikuwa kitupu, hakuna mteja hata mmoja. Nilimweleza yote kwa pumzi moja: msumari, tundu, gundi, sponji. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Gundi ya tairi ni ya kuzuia upepo," alisema taratibu. "Dawa inaila."

"Fundi, tafadhali, unaweza kuliziba vizuri bila Shangazi kujua?"

"Kujaribu kuliziba naweza. Lakini kumficha, hapana. Mgongo ni wake. Nenda kamwambie sasa hivi, maana nimemwona akipita na maji. Anasema kesho mvua itanyesha, anapulizia leo."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka begi la shule lilikuwa likinipiga mgongoni na kiatu kimoja kilinivuka njiani nikakiacha. Shangazi alikuwa uani, ameshavaa koti na glavu, bomba limejaa liko juu ya ukuta. Alikuwa amegeuka, mkono mmoja ukiwa tayari ndani ya mkanda.

"Shangazi, usilivae! Limetoboka! Nililitoboa mimi!"

Alitoa mkono polepole. Akageuka, akaivuta ile sponji ya mgongoni kwa glavu yake, na tone likadondoka kwenye ukuta, kisha lingine.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ile niliyolitengeneza."

"Na kule zahanati ulijua?"

"Nilijua."

"Na nilipokuwa nikimtukana Fundi mbele za watu?"

Nililia. Shangazi hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinisogeza mbali, akaitoa ile dawa kwenye bomba kwa uangalifu, akalifunga, akanawa, akabadilisha nguo. Kisha akasema, "Twende."

Kwa Fundi palikuwa na jirani mmoja aliyekuwepo siku ile ya matusi. Shangazi alinisukuma mbele. Nilisema kosa langu kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Nilipomaliza, nilidhani mambo yamekwisha, lakini Shangazi naye alisogea.

"Fundi, nami nimekukosea. Nilikuhukumu bila kulikagua bomba. Yule mteja aliyeondoka nitamfuata mwenyewe kwake nimweleze."

"Yameisha, dada," alisema Fundi, na uso wake ukakunjuka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Alilikagua lile tangi akasema halizibiki kwa usalama. Akatafuta lingine lililotumika lakini zima. Nilifanya kazi kibandani kwake alasiri nne kulilipia, nikipanga skrubu na kufagia. Mikanda mipya tuliijaza sponji, kisha tukaivika mpira wa ndani wa tairi la baiskeli usiopitisha kitu. Mgongoni hatukuweka sponji kabisa. Mkanda wa kiunoni tuliuzungusha kwenye bomba, tukaikwaruza plastiki mahali unapokaa ili usiteleze. Ilichukua dakika kumi tu! Mwalimu nilimweleza yote, naye akaniambia nieleze darasa zima vilevile nilivyomweleza yeye. Makofi yalikuwa machache, maswali yalikuwa mengi.

Siku Shangazi alipopona na kurudi bustanini, alinikalisha kwanza kwenye ukuta.

"Kutoboa tangi ni kosa la mtu anayejifunza, na kwa hilo sikulaumu. Hata mimi nimeharibu vingi. Lakini ulijua kinachoniumiza ukaniacha nikaribie kukivaa tena, na mtu mwingine akabeba lawama yako. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati kosa bado ni dogo. Kila siku unayonyamaza, kuna mtu anaumia kwa niaba yako. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Akasimama, akaingiza mikono kwenye mikanda, akakaza kifungo cha kiunoni. Kisha akanitazama kwa jicho moja.

"Haya, Injinia. Kabla sijaondoka, kuna kitu chochote kuhusu bomba hili unachokijua wewe na mimi sikijui?"

Nilimeza mate. Jana yake nilikuwa nimeona uzi wa mkanda wa kushoto umeanza kufumuka, kidogo tu.

"Kipo," nilisema.

Shangazi akalitua bomba.