Miaka Mitano ya Mwisho

Bernado alikuwa na siku tisa kaburini, lakini wino wa ukurasa wa mwisho wa daftari lake ulikuwa bado mbichi. Hyasinta aliugusa, kidole kikatoka na bluu. Maandishi yalikuwa mafupi: "Mteja ana miaka thelathini na sita. Chukulia ataishi mpaka sabini. Ametoa mitano ya mwisho." Alidhani ni swali la mazoezi. Kuhusu wino, akajiambia ni unyevu wa ziwa, kwa sababu alikuwa na shida na alitaka kuamini hivyo.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Mwaka ule wa 1993 benki yao pale Musoma ilikuwa inapunguza watu, na tangazo lilibandikwa ukutani: karani asiye na cheti cha kibenki ifikapo Julai ajiandae kwenda nyumbani. Hyasinta alibakiza pepa moja, Uwekezaji na Mipango ya Fedha, na alikuwa ameifeli mara mbili. Baba wa mtoto wake alikwenda machimboni Mererani kutafuta mawe ya thamani, hata barua hakutuma. Huyo mtoto, Justina, wa miaka sita, alikula kwa mshahara wa mama yake tu.

Bernado, karani mwenzake, aliipasua pepa ile kwa alama zilizomshangaza hata meneja, kisha miezi michache baadaye akafa usingizini. Walimzika kwao Butiama. Vitu vya marehemu havikuwa vya kuguswa mpaka wazee waanue matanga, na wazee walishasema ni baada ya mwezi. Mtihani ulikuwa baada ya siku kumi na mbili. Hyasinta hakungoja. Alimfuata mjane, Ursula, jikoni.

"Dada, naomba daftari lake tu. Nitalirudisha kabla wazee hawajajua."

"Matanga hayajaanuliwa, Hyasinta. Unataka wanifukuze hapa?"

"Nisipofaulu, mimi na Justina tutakula nini?"

Ursula alilia kidogo, akalifukia daftari ndani ya kikapu cha unga wa ulezi. "Alikuwaga analiogopa," alinong'ona. "Usilifungue ukiwa peke yako."

Ushauri mzuri, ila nani angekaa naye? Alisomea ofisini, kuanzia saa kumi wenzake walipotoka mpaka mlinzi alipofunga.

Siku ya pili ilianza harufu, kama ya noti kuukuu zilizolowa. Siku ya tatu mashine ya kujumlishia iliyokuwa mezani kwa Bernado ikajivuta mpini yenyewe, krr, krr, jua likiwa bado linawaka dirishani, na Hyasinta alipotaka kupiga kelele sauti ikakataa kutoka, kwa sababu kiti kilisogezwa nyuma yake, mtu akaketi, pumzi ya baridi ikamgusa shingo, na sauti ya Bernado, Bernado yuleyule ambaye Hyasinta alimtupia udongo kaburini kwa mkono wake, ikaanza kumfundisha taratibu, kwa upole, pepa iliyomshinda miaka miwili.

"Thamani ya sasa," ilisema. "Kitu kikiwa mbali sana, leo kinakuwa bei ya bure. Tuchukue wewe. Una miaka mingapi?"

"Thelathini na mbili," alinong'ona.

"Chukulia utaishi mpaka sabini. Mwaka wako wa sabini, kwa riba ya asilimia thelathini, leo una thamani gani?"

Akakokotoa. Jibu lilikuwa karibu na sifuri.

"Unaona? Nipe mitano ya mwisho, ambayo leo haina kitu. Mimi nikupe pepa."

Tusimcheke. Aliwaza kikongwe wa miaka sitini na mitano anayelalamikia magoti, halafu akawaza Justina akirudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

"Chukua," alisema. "Mitano ya mwisho."

Pepa aliifanyia Mwanza, akamaliza kabla ya wote. Majibu yalipokuja jina lake lilikuwa la kwanza, na kazi ikabaki. Lakini kile kiti hakikuacha kusogea. Harufu ikamfuata hadi nyumbani Bweri, ikaingia mpaka kwenye blanketi la mtoto, na asubuhi moja, wakinywa uji, Justina akauliza, "Mama, huyu mjomba anayekaaga nyuma yako mbona hali?"

Siku hiyohiyo Hyasinta, Mkatoliki mzima, alipanda gari kwenda Bunda kwa Mwalimu Nassibu, fundi wa sare za shule aliyetibu watu wenye majini katika chumba cha nyuma ya cherehani yake.

Nassibu alichoma ubani, akaanza kusoma. Alijiandaa kwa vita. Hata hakufika mbali: mlango ukafunguka wenyewe, harufu ikaisha. Hyasinta alicheka kwa furaha. Nassibu hakucheka.

"Limetoka kirahisi mno," alisema kwa sauti ya chini. "Jini linaondokaga hivi likishapata chake. Mlikubaliana nini?"

Akamweleza yote, tangu daftari.

"Ungengoja matanga, mama. Wazee wangeuliza nani ana dai kwa marehemu, na hili lingejitokeza mbele ya wote, lingefukuzwa palepale. Wewe ukalibeba kwenye kikapu."

"Ni mitano tu, mwalimu. Ya uzeeni. Kutoka sabini kurudi nyuma."

"Sabini mliikadiria ninyi. Lenyewe limechukua ya mwisho. Marehemu alitoa mingapi?"

Akaukumbuka ukurasa wa mwisho. "Mitano."

"Akafa na thelathini na sita. Basi alikuwa ameandikiwa arobaini na moja. Wewe umeandikiwa mingapi, hakuna anayejua."

Hyasinta akafungua mkoba, akatoa mshahara wote wa mwezi ule.

"Nishonee sare, mwalimu. Mtoto wa kike, anaanza la kwanza Januari."

"Ngapi?"

"Moja ya la kwanza. Moja ya la pili. Moja ya la tatu." Aliendelea hivyo, bila haraka, mpaka la saba.

Nassibu alishika utepe wa kupimia, akamtazama. "Huyo wa la saba nitampimaje, mama?"

"Kadiria," alisema Hyasinta, na machozi yakaanza kumtoka. "Kadiria tu."