Kengele Tatu za Mwadini

Mwatime ni shoga yangu, anakaa Arlington, Marekani, na haya kanisimulia mwenyewe. Alikuwa bado kwenye eda, hatoki nje, ndipo bintiye Hadiya akamletea baiskeli ya mazoezi, akamwashia kwenye televisheni video ya njia nyepesi itokayo mji mkongwe wa Siena, Italia, kupanda vilimani kwa barabara ya vumbi jeupe.

"Endesha, Mama. You'll love it."

Hadiya alipokwenda kazini, Mwatime akaendesha. Video ikaingia kwenye handaki, skrini ikawa giza tupu, na ndani ya giza lile kengele ya baiskeli ikalia mara tatu.

Hivyo ndivyo marehemu mumewe, Mwadini, alivyokuwa akipiga kengele ya baiskeli yake nje ya gereji ili afunguliwe. Hata siku ya mwisho alipiga. Walikuwa wamenuniana.

"Apige mpaka achoke," Mwatime alisema siku hiyo, asimfungulie. Moyo ukamsimama Mwadini hapo hapo juani.

Sasa Mwatime akazima televisheni. Kengele ikalia tena, safari hii kule gereji.

Baiskeli ya Mwadini ilishatolewa sadaka. Mara hii Mwatime alifungua mlango wa gereji. Hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na mchirizi wa tairi, wa vumbi jeupe, uliopita katikati ya miguu yake ukaingia sebuleni.