Wimbo Uliotoroka Kufuli

Nakala za wizi zilitandazwa sokoni kabla hata albamu ya kwaya haijazinduliwa. Inspekta alinunua moja, akarudi kituoni kichwa kikimgonga.

Fundi wa studio alikuwa mahabusu. Mkewe alikuwa nje, analia.

"Diski ni mbili tu, afande. Yangu na ya mwalimu wa kwaya. Zote nimezifunga. Ukijaribu kunakili faili, kompyuta inagoma."

"Nenosiri analo nani?"

"Mimi peke yangu."

"Basi unajichimbia kaburi, ndugu yangu."

"Najua. Lakini sikuiba."

Mtaalamu wa maabara alizipima diski zote mbili. Kufuli hazikuguswa. Inspekta alizidi kuchanganyikiwa. Mwizi kaingiaje bila kuvunja mlango?

Akaisikiliza ile nakala. Chini ya kinanda kulikuwa na mlio: trrr, trrr. Akadhani ni feni. Akarudia. Kwenye wimbo wa nne, msichana alipoanza kuimba peke yake, mlio ulikoma. Alipomaliza, ukarudi.

Feni gani hiyo inayosikiliza muziki?

Akampigia mwalimu wa kwaya.

"Diski yako uliipigia wapi?"

"Nyumbani tu. Na kwa fundi cherehani, siku ya kupima sare. Lakini ina kufuli, afande! Ningeogopa nini?"

"Kufuli inazuia kompyuta, mama. Haizuii masikio. Na huyu anayeimba peke yake?"

Mwalimu alishusha sauti.

"Marehemu. Binti wa huyo fundi cherehani."

Fundi cherehani hakukana. Aliendelea kukunja sare.

"Simu niliificha chini ya kitambaa, ikarekodi."

"Halafu mwanao alipoimba, ukasimamisha cherehani."

"Miguu ilikataa, afande."

"Kwa nini hukuomba nakala?"

"Niliomba! Mwalimu akaniambia nisubiri uzinduzi kama watu wote. Mimi ni watu wote?" Akafuta uso. "Nilimtumia dada yangu tu. Naye akampa jirani, na majirani wenyewe ndio hao, mpaka ikafika sokoni."

"Kuna baba wa watu yuko ndani kwa ajili yako."

Mama fundi aliweka sare chini, akachukua mkoba.

"Twende nikamtoe. Lakini simu yangu... mtaifuta?"

Inspekta aliipokea, akaitia kwenye bahasha, akaandika juu yake.

"Hiki sasa ni kielelezo, mama," alisema. "Kielelezo hakifutwi."