Viatu vya Mawingu

Alfajiri hiyo Mawingu, farasi jike wa mbio, alikutwa amekufa bandani, pale Al Qusais, kitongoji cha mji wa Waarabu, macho yamefunikwa blanketi. Jioni yake alikuwa apandishwe ndege.

Inspekta Nassor akainama. Bibi yake alitoka Unguja akamwachia Kiswahili na vitendawili vyake. Shingoni mwa farasi akaona tundu la sindano. Mlangoni, viatu vyake vinne vya chuma vimevuliwa, vimepangwa viwili viwili, kama kandambili za wageni.

"Nani kaingia?" akamwuliza Masuda, mlinzi wa Kiganda.

"Hakuna mgeni, sir. Getini nilikuwa mimi."

Madam Maha, mwenye farasi, alifoka. "Maadui zangu hao! Mnunuzi anamngoja ng'ambo!"

"Adui hafuniki maiti macho, madam. Na farasi hampi mgeni mguu."

Akamwita Wilbard, mtunza farasi. Mtu wa Siha, chini ya Kilimanjaro. Alikuwa anafagia banda lililokwisha kufagiwa.

"Kitendawili," akasema Nassor.

Wilbard akashangaa, polisi gani huyu? Ila mdomo ukajijibia: "Tega."

"Ana viatu vinne, safari haziishi, kwao hafiki."

Wilbard akarudia kufagia.

"Umeshindwa? Nipe mji."

"Chukua Siha, afande."

"Haya. Nilikwenda Siha, nikafika. Watu wa Siha wakanilaki, wakanipa maziwa, wakaniuliza: Mawingu wetu yuko wapi?"

Ufagio ukamdondoka Wilbard.

"Ni mimi," akasema.

"Dawa umeipata wapi?"

"Kabati la daktari. Ufunguo ninao."

"Kwa nini, ndugu yangu?"

"Kazaliwa kwetu Siha, nimempokea kwa mikono hii. Nimekuja naye ndegeni, tukaambiwa mbio zikiisha atarudi. Wenzake nao waliambiwa hivyohivyo. Wakachakaa, wakauzwa, wakauzwa tena. Wa mwisho nimesikia kaishia machinjioni, nchi hata siijui. Jana madam kasema, 'Mwandae, kesho anaruka.' Nikauliza, anakwenda nyumbani? Akacheka. Khalas, basi. Nikaona bora alale mikononi mwangu, nikimwimbia alivyozoea."

"Na viatu?"

"Mtu akifika kwao, si huvua viatu?"

Nassor akatoa pingu, akamfunga polepole, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati. Mashtaka yalikuwa palepale, huruma haiyafuti.

Garini Wilbard akageuka. "Afande, vile viatu mtavifanyaje?"

"Ni vielelezo vya kesi."

"Kesi ikiisha, vipelekeni Siha. Angalau vyenyewe virudi."

Nassor hakuwahi kumwahidi mtuhumiwa kitu. Akatazama ndege ikipaa juu ya maghala.

"Inshallah," akasema, akafunga mlango.