Makasha Yaliyorudishwa Bandarini

Karakana ya Mama Randa huamka kabla ya mtaa. Msumeno unalia, vumbi la mbao linapanda, na mumewe anapiga chafya. Watu walimpa jina hilo kwa sababu randa haimtoki mkononi. Yeye hukata mbao na kuzilainisha. Mumewe hupigilia misumari. Wanatengeneza makasha ya kupakia pampu za maji za kiwanda cha jirani. Pampu hizo huuzwa ng'ambo.

Siku moja meneja wa kiwanda aliingia amenuna.

"Pampu zetu zimerudishwa kutoka bandari ya ng'ambo," alisema.

"Zimeharibika?" aliuliza Mama Randa.

"Pampu ni nzima. Makasha yako ndiyo yana wadudu. Wakaguzi wa huko wamewakuta chini ya magome."

Mama Randa aliona aibu, kisha akapandwa na hasira. Kazi yake ilikuwa haijawahi kurudishwa hata mara moja.

Jioni alikuja wifi yake, dada wa mumewe. Yeye ni mkaguzi wa afya ya mimea serikalini, na habari ilikuwa imemfikia.

"Wifi, kosa ni lenu," alisema hata kabla ya kukaa.

"Ungeanza na salamu, basi!"

"Salamu baadaye. Sikiliza. Mdudu husafiri ndani ya mbao. Akifika nchi ya watu, anakula misitu yao. Ndiyo maana nchi nyingi zilikaa pamoja, chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea, zikaweka kanuni moja. Ondoa magome. Pasha mbao joto mpaka kiini chake kifike nyuzi hamsini na sita, kibaki hapo nusu saa mfululizo. Karakana ikishakaguliwa na kukubaliwa, inagonga mhuri kwenye kasha. Mhuri huo unajulikana kila bandari."

"Na nchi kubwa zinagonga?"

"Kubwa na ndogo. Kanuni ni hiyohiyo."

Mama Randa hakubisha. Aliungana na mafundi wenzake wa mtaa, wakajenga tanuri la kupashia mbao joto. Mkaguzi mwingine alikuja kulikagua, maana wifi alikataa kukagua kazi ya kaka yake. Walipewa mhuri. Makasha mapya yakasafiri.

Yakarudishwa tena, kutoka bandari ileile.

"Safari hii wamesemaje?" aliuliza Mama Randa.

Meneja alikuna kichwa. "Wanataka makasha yote ya nchi yetu yapigwe dawa ya wadudu pia. Tena dawa ya kampuni moja tu ya kwao."

"Wamekuta mdudu?"

"Hapana."

"Na makasha ya nchi jirani?"

"Yanapita kwa mhuri tu. Mama, tukubali yaishe. Wale ni wakubwa."

Mama Randa aliweka randa mezani. "Nilipokosea, nilikiri. Sasa sijakosea. Siinami!"

"Mke wangu, utagombana na bandari nzima?" aliuliza mumewe.

"Nitagombana nayo. Wewe shika misumari yako."

Wifi alipoitwa, alitikisa kichwa. "Mtu binafsi hapeleki kesi kwenye Shirika la Biashara Duniani. Kule husema serikali. Nchi ina haki ya kujikinga na wadudu. Lakini ikizidisha masharti, itoe sababu ya kisayansi. Na haina ruhusa ya kubagua. Nenda wizara ya biashara, ukadai serikali yako ikusemee."

Mama Randa alikwenda, mafundi wenzake nyuma yake. Ofisa aliyewapokea alicheka.

"Mama, biashara ya dunia si mambo ya makasha."

"Kwani dunia husafirisha pampu kwa mifuko?" alijibu. "Hatutoki hapa mpaka utuandikie."

Ofisa aliacha kucheka. Akaandika malalamiko yao.

Haikuwa kazi ya siku moja. Serikali ilipeleka hoja kwenye kikao cha shirika, mbele ya nchi wanachama. Wajumbe wetu waliuliza swali moja: ushahidi wa wadudu uko wapi? Wenye bandari hawakuwa nao. Nchi nyingine nazo zikaanza kuuliza. Shirika halina askari wa kumkamata mtu. Lakini kubanwa maswali mbele ya dunia nzima si jambo dogo. Na wangeendelea kukaidi, wangeweza kushtakiwa mbele ya waamuzi. Baada ya vikao kadhaa, wenye bandari walifuta sharti lao. Makasha yakapita kwa mhuri wake. Kiwanda kikaagiza mengine, na karakana ikaajiri mafundi zaidi.

Mwaka uliofuata mafundi wenzake walimjia wakiwa na furaha.

"Mama Randa, sasa tunajua njia ya wizarani! Twende tukadai makasha ya nchi jirani yazuiwe kuingia kwetu. Yanauzwa rahisi."

"Yana wadudu?" aliuliza.

"Hapana."

"Yana mhuri?"

"Yanao."

Mama Randa aliwatazama mmoja mmoja.

"Basi msinitume kuonea watu," alisema. "Leteni mbao, tutengeneze mazuri kuliko yao."

Mmoja wao akavua koti, akaenda kubeba mbao.