Nukta Nyekundu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi duka lile kubwa halina adabu. Watu wanasukumana na vigari, watoto wanalilia kila wanachokiona, na kipaza sauti kinarudia bei ya sabuni mpaka unaichukia sabuni yenyewe. Katikati ya vurugu hiyo, kwenye kaunta ya vitambaa, alisimama mwanamume wa makamo, shati la kitani limekunjwa mikono, kamera shingoni, mkono mmoja umelikumbatia jora la kitambaa cheusi asije mtu akalichukua.

"Nipimie mita tatu, bibie."

"Cha nini?"

"Cha kutundika ukutani, nyuma ya watu ninaowapiga picha."

"Ukuta wenyewe una upana gani?"

"Kama... kama ule pale."

Mwuzaji aliutupia ukuta jicho moja tu. "Mita tano. Ukichukua tatu, mteja mnene atatokea nusu yake."

"Umejuaje na hujapima?"

"Ndiyo kazi yangu. Hilo shati lako, kwa mfano, fundi alilishona kwa mita mbili. Ulihitaji mbili na robo. Ona kifungo cha tumboni kinavyoomba msaada."

Wateja waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Mpigapicha akakifunika kifungo kwa kiganja, akacheka kuliko wote, akanunua mita tano. Alipofika mlangoni aligeuka kumtazama tena, na mwuzaji naye, bahati mbaya au nzuri, alikuwa anamtazama.

Dukani kila mtu alimwita Mama Mita. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza nyuma ya kaunta hiyo hiyo. Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita, akamwachia binti mmoja ambaye sasa alibakiza mwaka mmoja amalize chuo cha uuguzi. Sare yake ya buluu ilipigwa pasi ukadhani ni ya siku ya kwanza kazini, na kichwani alifunga kilemba cha buluu kilichokazwa hata unywele mmoja usichungulie.

Kilemba hicho hakikuwa pambo. Tangu aje meneja mpya, kijana mwenye viatu vinavyolia kwenye vigae, wafanyakazi walioonekana wazee walikuwa wanahamishiwa stoo kubeba maboksi. Hakuna aliyefukuzwa, wala haikuandikwa popote. Walichoshwa tu mpaka wakaandika wenyewe barua ya kuacha kazi, na nafasi zao zikachukuliwa na wasichana wa mkataba wa miezi mitatu. Alianza mama wa manukato, akafuata baba wa vyombo. Mama Mita aliota mvi kichwa kizima, basi akafunga kilemba na kuomba Mungu.

Jumatatu, wafanyakazi wote waliitwa kupigwa picha za vitambulisho vipya. Mama Mita kuingia chumbani, anakikuta kitambaa chake cheusi kimetundikwa, mita tano kamili, na mwenye shati la kitani anatabasamu.

"Kilemba kirudi nyuma kidogo, bibie. Kinakuficha uso."

"Hakirudi."

"Kwani kuna nini humo ndani? Umefuga paka?"

"Piga picha, bwana, watu wanasubiri."

Alishusha kamera. Sauti yake ikawa ya chini, isiyo na utani. "Unywele mmoja umetoroka hapo juu ya sikio. Unang'aa. Mimi nimepiga picha nyuso za watu miaka thelathini, sisemi neno hilo ovyo."

Kwa miaka tisa hakuna mtu aliyemwambia Mama Mita kwamba ana kitu kinachong'aa. Nataka mlielewe hilo kabla hamjamlaumu. Alikivuta kilemba, kikateleza mpaka mabegani, na mvi zake zikaonekana zote. Mpigapicha alisahau kazi yake kwa muda, kisha akapiga mara moja, akapiga tena.

Jioni hiyo simu ikaita.

"Namba yangu umeipata wapi?"

"Nimeiomba kwa yule mzee wa kaunta ya viatu hapo dukani kwenu. Ameniuliza maswali kama mshenga."

"Na unataka nini?"

"Kukuuliza suruali yangu ni mita ngapi."

Alicheka mpaka binti yake akatoka jikoni kuangalia kulikoni. Zilifuata wiki tatu za simu kila jioni, na Jumapili mbili za kutembea taratibu kando ya bustani ya manispaa, yeye amevaa gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, mwenzake ameshapanua shati. Waliitana laazizi, wala hawakuona haya. Mpigapicha, mtalaka aliyeishi peke yake juu ya duka la dawa, alianza kununua vikombe viwili viwili. Walikuwa wanapendana, basi, hakuna haja ya kuzunguka.

Jumatano ya wiki ya nne orodha ikabandikwa. Watu wanane kwenda stoo, na Mama Mita alikuwa wa tano.

Mzee wa viatu, naye yumo, alimvuta pembeni. "Shemeji, njoo uone." Kupitia kioo cha ofisi ya meneja walizitazama karatasi za picha za wafanyakazi zilizotandazwa mezani. Pembeni ya picha nane kulikuwa na nukta nyekundu ya kalamu. Wote wanane walikuwa na mvi.

Alimpigia mpigapicha hapo hapo.

"Hizo nukta nyekundu kaweka nani?"

"Zipi? Aa, za kwenye picha? Mimi, laazizi. Kwani vipi?"

"Na yangu?"

"Na yako. Meneja aliniambia..."

"Ulinivua kilemba kwa maneno matamu ili uniwekee alama!"

"Alama gani? Hebu subiri kwanza, nisikilize..."

Alikata simu, na hakuipokea tena.

Stoo hakukuwa na dirisha. Alibeba maboksi ya mafuta ya kupikia kutwa nzima, vidole vilivyozoea hariri vikapasuka, na kila alipoinama kiuno kilimkumbusha umri wake. Aliapa kutoandika barua ya kuacha kazi. Wanane wale walikwenda pamoja ofisi ya kazi kushtaki, wakapangiwa siku ya kusikilizwa.

"Mama," binti alisema, akimkanda mgongo, "mzee wako amepiga mara kumi na moja."

"Si mzee wangu."

"Basi nimempokelea mimi. Nimemwambia nukta zake zimekufikisha wapi. Mama, nikasikia analia."

Mama Mita aligeuza uso ukutani. Alitaka kumchukia vizuri, na moyo ukawa unamwangusha.

Siku ya kusikilizwa meneja alikuja na suti na mwanasheria. "Uhamisho wa kawaida," alisema. "Tumeangalia utendaji. Umri wa mtu mimi hata siujui."

Mlango ukafunguliwa. Mpigapicha aliingia, shati la kitani halijapigwa pasi, bahasha mkononi. Meneja alimwonya kwa sauti ya kirafiki: "Kaka, kumbuka tuna matawi kumi na moja yanayosubiri picha."

"Nakumbuka," alijibu, akaiweka bahasha mbele ya afisa kazi.

Ndani kulikuwa na karatasi yenye nembo ya duka na mwandiko wa meneja: wekea nukta nyekundu picha zote za wenye mvi ili zikolezwe wakati wa kuchapa, kadi ni nyeupe, nywele zisije zikapotea. Afisa aliiweka kando ya orodha ya uhamisho. Nukta nane, majina nane, yale yale.

"Wewe ni fundi wa picha," afisa alimuuliza. "Uliamini kwamba nywele zitapotea?"

Mpigapicha hakumtazama afisa. Alimtazama mwanamke wa kilemba cha buluu. "Hapana. Nyuma yao nilitundika kitambaa cheusi, na hata kwenye nyeupe nywele nyeupe hazipotei, mwanga kidogo tu unatosha. Niliona ni ajabu, lakini kazi ilikuwa kubwa, nikaogopa kuikosa. Sikuuliza. Nilimwekea nukta mtu ninayempenda kwa sababu sikuuliza."

Mama Mita alilia bila kujificha.

Kwenye korido alimkuta mpigapicha amekaa kwenye benchi peke yake.

"Matawi kumi na moja," alimwambia.

"Yamekwenda."

"Sijakusamehe. Mgongo unaniuma."

"Najua."

"Lakini simu nitapokea." Akaenda zake, akiwa anajipangusa pua kwa ncha ya kilemba.

Uamuzi ulitoka baada ya mwezi. Saba walirudishwa kwenye nafasi zao. Mzee wa viatu hakurudi, kiuno chake kilikuwa kimekwisha huko stoo, na hilo hakuna ofisi iliyoweza kulirudisha. Mama Mita alirudi kwenye kaunta yake Jumamosi ya mwisho wa mwezi, sare imepigwa pasi, kichwa wazi, mvi zimechanwa na kubanwa kwa kitana cha pembe.

Foleni ilikuwa ndefu. Wa sita alikuwa na kamera shingoni.

"Nipimie kitambaa, bibie."

"Cha nini?"

"Cha gauni la bibi harusi."

Mkasi ukasimama. "Ana umbo gani huyo bibi harusi?"

"Siwezi kusema. Hajawahi kupimwa, yeye ndiye anayewapima wenzake."

Watu wa nyuma walianza kuguna, kisha mmoja akaelewa na kuwanyamazisha wengine. Mama Mita aliinamisha kichwa, akazitazama rula na meza vilivyomlea miaka ishirini na miwili, akauvuta muda kadiri alivyotaka, kwa kuwa ilikuwa haki yake.

"Mita nne," alisema mwishowe. "Na nusu. Maboksi yamempanua mabega. Rangi?"

"Nyeupe."

"Nyeupe, na mvi zote hizi? Kwenye picha si zitapotea?"

"Hazipotei, laazizi," alisema mpigapicha. "Na safari hii nauliza kwanza: unakubali?"

Mama Mita akalivuta jora jeupe kutoka rafu ya juu, akalifungua mezani, akaanza kujipimia.